Usiwaombee Wapinzani Wako Wafutike

Kibosho, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imetufikia salama, na mama yako ameisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili bibi yako naye asikie. Tumefurahi kwamba baridi ya Leeds huko Uingereza umeizoea, na kwamba umeanza kuhudhuria mikutano ya vijana wa chama cha Labour. Sina neno juu ya hilo, kwa kuwa mtu mzima hujichagulia chama. Kilichonifanya nishike kalamu ni ile sentensi yako moja, kwamba nchi hiyo ingetulia siku Wahafidhina, wapinzani wakuu wa Labour, watakapofutika kabisa.

Niruhusu nikupinge kwa ushahidi wa huko huko uliko. Huduma ya afya ya taifa unayoisifu ilianza Julai 1948 chini ya serikali ya Clement Attlee, na Wahafidhina walikuwa wameupigia muswada wake kura ya hapana. Waliporudi madarakani mwaka 1951 hawakuibomoa. Waliikagua, wakailalamikia gharama zake, wakaendelea kuiendesha, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipoacha kuwa mradi wa chama kimoja ikawa mali ya Waingereza wote. Mambo huenda pia kwa upande wa pili: mwaka 1846 Waziri Mkuu Robert Peel, Mhafidhina, alipotaka kuondoa ushuru wa nafaka kutoka nje uliowanufaisha wenye mashamba, wabunge wengi wa chama chake walimkataa, na sheria ikapita kwa kura za wapinzani wake. Tena tangu mwaka 1937 Kiongozi wa Upinzani analipwa mshahara na serikali ile ile anayoamka kila siku kuikosoa. Mimi nilipolisikia hilo kwa mara ya kwanza nilidhani ni mzaha.

Sisi wa rika langu hatukulelewa hivyo. Kuanzia mwaka 1965 nchi yetu ilikuwa ya chama kimoja kisheria, na Tume ya Jaji Nyalali, iliyoundwa kuuliza kama tubaki na chama kimoja au tuwe na vingi, ilipokusanya maoni mwaka 1991, takriban asilimia 80 ya waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikashauri vyama vingi hata hivyo, na sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Nakiri kwamba nilikuwa upande wa wale wengi. Nilikuwa nimesahau mapema mno kwamba mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa nchi nzima, na KNCU yetu, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wa tangu mwaka 1933, ikiwamo, bila ya kuwapo bungeni kambi ambayo kazi yake ingekuwa kusimama na kuuliza mkulima wa kahawa atauzia wapi. Ilibidi kungoja sheria ya mwaka 1982 ili ushirika urudishwe.

Lakini somo lenyewe sikulipata bungeni, nililipata katika chama chetu cha msingi cha ushirika hapa kijijini. Unamkumbuka yule mzee tuliyempachika jina la Mzee Risiti, aliyekuja kila mkutano na koti lake la kahawia na kaunta buku lililofungwa kwa mpira wa baiskeli? Alikaa karibu na mizani, na kila hoja ilipotolewa aliuliza bei ya nani, ahadi ya nani, na risiti iko wapi. Tulipotaka kununua mtambo wa kumenya kahawa alitupinga misimu mitatu, na katika hilo alikosea, maana kahawa iliyopita mtamboni ilipata bei nzuri kuliko ile tuliyoimenya kila mtu nyumbani kwake. Ila ubishi wake ndio uliotulazimisha kutafuta wauzaji watatu badala ya yule mmoja aliyetuletea soda.

Mwishowe tulimchoka. Tukamtoa kwenye bodi kwa kunyoosha mikono, wengine wakicheka, na mimi mkono wangu ulikuwa juu. Mikutano ikawa mifupi na ya amani. Msimu wa pili tukagundua kwamba tunadaiwa mbolea ambayo nusu ya magunia yake haikuwahi kufika ghalani. Sidhani kama kulikuwa na mwizi mkubwa kati yetu. Kila mjumbe aliamini kwamba mwenzake amehesabu.

Sisemi kwamba ukae katikati, wala kwamba pande zote mbili husema kweli sawasawa. Nao ushindani ukizidi husimamisha kazi: Marekani, kati ya Desemba 2018 na Januari 2019, sehemu ya serikali ilifungwa siku 35 kwa sababu ya mvutano wa bajeti ya ukuta wa mpakani na Meksiko. Wewe piga kampeni, shindana, ushinde ukiweza. Ninachokuomba ni kwamba ukishinda, umtazame yule aliyekaa upande wa pili na kaunta buku lake kama mtu unayemhitaji, hata anapokukera, na hasa anapokukera.

Jumamosi iliyopita tulikwenda watu wanne nyumbani kwa Mzee Risiti kumwomba arudi kwenye bodi. Tulimchukulia sukari kilo mbili na sabuni. Alitukaribisha vizuri, akamwita mjukuu wake alete viti, akaupokea mfuko, akauchungulia ndani, kisha akatuuliza kama fedha za vitu vile zimetoka mifukoni mwetu au kwenye akaunti ya chama.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama sweta limekutosha.

Baba yako