Msishuke garini

Mwanangu Rehema,

Umesema mnataka kuwapeleka watoto Ridgefield, ile hifadhi ya wanyamapori ya jimbo la Washington, Marekani, kuona mabata wa majira ya baridi. Nendeni Jumapili. Msimu wa uwindaji sehemu moja ya hifadhi huachiwa wawindaji Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na milio ya bunduki huharibu utulivu.

Kutoka Portland shikeni barabara kuu ya I-5 kwenda kaskazini, mtoke kwenye njia ya kutokea namba 14. Wageni wana maeneo mawili: Carty ni ya kutembea kwa miguu, River S ni ya gari. Anzeni River S. Barabara ni ya changarawe, km 7 hivi, inazunguka na ni ya kwenda tu. Ukishalipita ziwa hurudi nyuma, sharti umalize mzunguko ndipo uanze upya. Kwa hiyo watoto waende chooni mwanzoni kabisa.

Tangu Oktoba 1 hadi Aprili 30 mnakaa ndani ya gari, isipokuwa penye kibanda cha kutazamia ndege. Mikumi hutoki garini kwa kuogopa simba. Huku simba ni wewe. Ndege hawalijali gari, ila wakiona umbo la mtu kundi zima linaruka, na kila mruko unakula mafuta waliyojiwekea kwa ajili ya baridi na safari ya kurudi kaskazini. Mtoto asichomoze hata kichwa.

Wengi hukosea kwenye hita. Wanashusha kioo huku ndani kuna joto, hewa ya moto inatoka na kukutana na baridi, basi picha kwenye darubini inacheza kama lami saa saba mchana. Zima hita dakika kadhaa kabla, zima injini, ndipo ushushe kioo. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha. Shona kifuko cha kitambaa, tia mchele kilo moja, kiweke ukingoni mwa dirisha na uegemeze darubini hapo. Mtetemo wote unaisha.

Penye ziwa la Rest kaeni dakika 20 bila haraka. Mtafuteni bata maji, yule mweupe wa shingo ndefu, aliyeinamisha kichwa majini huku mkia ukielekea juu. Anachimbua topeni viazi vya wapato, mmea wa majini. Maji yanamzunguka rangi ya kahawia, na vibata vidogo vinangoja pembeni kudokoa anachokipandisha, maana shingo zao hazifiki chini. Hiyo ndiyo sababu kina cha maji ni kazi kubwa hapa: matuta yameuzuia mto Columbia usifurike bondeni kama zamani, hivyo wasimamizi hupandisha na kushusha maji kwa pampu na vilango. Yakizidi kina, mabata wa kawaida hawafikii chakula hata kikiwa kingi.

Kwa mabata bukini, msiishie kusema "bukini". Yule mdogo, mwenye mdomo mfupi na sauti nyembamba, ni wa aina moja; yule mkubwa mwenye kifua cha kahawia iliyokoza ni wa aina nyingine, naye ndiye aliyesababisha hifadhi ianzishwe mwaka 1965. Tetemeko la Alaska la Machi 1964 liliinua ardhi ya delta ya Copper River anakotagia, kinamasi kikakauka, vichaka vikaota, na wanyama wala mayai wakapata njia. Mazalio yakiwa yameharibika, ikabidi angalau pa kukaa wakati wa baridi palindwe.

Ada inalipwa kwa gari. Stempu ya bata ya serikali, ile wanayotakiwa kuwa nayo wawindaji wa mabata, dola 25, pia inakuingiza, na senti 98 za kila dola hununua na kulinda makazi ya ndege. Mimi ningenunua hiyo. Inatumika Julai 1 hadi Juni 30, kwa hiyo usiinunue Mei.

Mbwa abaki nyumbani, hawaruhusiwi. Na someni saa ya kufunga iliyobandikwa langoni kabla ya kuingia, Desemba giza huwahi.

Wabusu wajukuu.

Mama yako