Kwa Salim, kuhusu mihrabu ya Mértola

Sahibu yangu Salim,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Huku hatujambo, baridi imepungua, na salamu za Bi Zuhura zimenifikia pamoja na lawama zake, ambazo nitazijibu siku nyingine. Leo nakuandikia kwa sababu ya ile sentensi uliyoiweka mwishoni mwa ujumbe wako, kwamba msikiti uliogeuzwa kanisa ni tusi tupu, na kwamba mimi, mjukuu wa mwalimu wa chuo, sikupaswa kuingia humo na kamera shingoni. Tangu niisome nimekuwa nikibishana nawe kimoyomoyo ndani ya basi, hadi nimeona heri tubishane kwa wino.

Mértola ni mji mdogo wa kusini mwa Ureno, uliojengwa kwenye kilima juu ya mto Guadiana, na ngome yake imekaa kileleni. Kanisa hilo, lililokuwa msikiti, liko chini kidogo ya ngome. Ukiingia, macho yanakataa kwamba hili ni kanisa: ukumbi unakaribia kuwa mraba, nguzo zimepangwa safu kwa safu, kuta zimepakwa chokaa nyeupe, na milango ya zamani ingali na matao yaliyobanwa chini kama kwato la farasi. Mihrabu, kile kishubaka cha ukutani kinachoonyesha kibla, iko nyuma ya madhabahu. Ni ya karne ya 12, zama za Muwahhidun, watawala wa Kiislamu kutoka Moroko, na ukisogea karibu unaviona vijitao vya urembo vilivyofinyangwa kwa plasta, vimemomonyoka hapa na pale lakini mkono wa fundi bado unatambulika. Padri akiwakabili waumini wake, mihrabu inakuwa mgongoni mwake.

Usidhani nimelewa maneno ya watembeza wageni, ambao kwao kila jiwe la zamani ni ushahidi kwamba watu waliishi kama ndugu. Mwaka 1238, enzi za mfalme Sancho II, mji ulitekwa na kukabidhiwa wapiganaji wa kidini wa Santiago, na mwaka 1292 mkuu wao, João Fernandes, akausimamisha mnara mkuu wa ngome unaoonekana mpaka leo. Mtaa wa Waislamu uliokuwa pembeni mwa ngome, wenye nyumba za ua, uliachwa, na baadaye ukawa makaburi ya Wakristo. Huo haukuwa udugu.

Lakini hata wewe, kwa jinsi unavyozipenda tarika, utapata tabu kumpanga Ibn Qasi. Huyu alikuwa sufi aliyeiteka ngome ya Mértola mwaka 1144 pamoja na muridi zake, akiwaasi watawala wa wakati huo, Murabitun, Waislamu wenzake. Kisha akatafuta urafiki na mfalme Mkristo Afonso Henriques, na mwaka 1151 akauawa kule Silves na watu wake mwenyewe. Mwalimu Hamadi angempa adhabu gani huyo, sijui.

Narudi kwenye mihrabu. Mwaka 1505 majeshi ya mfalme Manuel I, chini ya Francisco de Almeida, yaliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Miaka michache tu baadaye, kwenye 1509 hivi, mfalme huyohuyo alimtuma Duarte de Armas kuchora ngome za mpakani, naye katika mchoro wake wa Mértola akaonyesha kanisa likiwa bado na sura ya msikiti, mnara wake umesimama. Karne mbili na nusu na zaidi Wareno walikuwa wamesali humo bila kuuangusha, huku mizinga yao ikibomoa miji ya kwetu! Kama ni tusi, mbona walilitunza? Kama ni heshima, mbona ilikomea ufukweni kwao? Karne hiyohiyo ya 16 paa lilijengwa upya kwa matao ya mawe, lakini mihrabu ikabaki. Huenda ilikuwa uvivu au ubahili tu, nami sioni vibaya uvivu wa namna hiyo.

Leo mji unajivunia yote hayo. Mwaka 1978 Cláudio Torres na wenzake walianza kufukua mabaki ya kale, na vyungu na mabakuli ya zama za Waislamu yamewekwa katika makumbusho palepale mjini. Tangu 2001 kuna pia tamasha la Kiislamu kila baada ya miaka miwili, ambalo, tusidanganyane, ni soko zaidi kuliko ibada.

Sasa nina shida nawe. Nimekubali kuzungumza na wanafunzi hapa kuhusu mihrabu hii, na nataka kuiweka kando ya ile ya msikiti wa Kizimkazi, Zanzibar. Je, unaweza kwenda kunipigia picha ya maandishi yake ya Kikufi, yale yenye mwaka 500 Hijria, kwa karibu na bila vidole vyako? Msimamizi wa pale bado ni yule mzee tuliyemchokoza na Mwalimu Hamadi? Na je, bado unasema ni tusi? Kama ndivyo, ungetaka waifanyeje mihrabu: waifunike, waibomoe, au wairudishe kwa nani?

Wako,
Othman