Wanajua kabla yetu: barua ya wazi kwa mkuu wa mamlaka ya mawasiliano

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

YAH: WATEJA KUTOAMBIWA MTANDAO UNAPOKATIKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Silalamiki kwamba mtandao hukatika. Mimi ni fundi, najua utakatika tu: katapila linachimba mtaro na kuondoka na faiba (waya mwembamba wa kioo unaobeba intaneti kwa mwanga), umeme unapotea hadi betri za mnara zinaishiwa, nanga ya meli inaukokota mkongo baharini. Ninacholalamikia ni kwamba kampuni inajua, na mteja anaachwa abonyeze vitufe.

Mwezi uliopita jirani yangu, mwalimu anayefundisha kwa njia ya mtandao, aliamka akakuta hakuna intaneti. Akapiga huduma kwa wateja. "Zima ruta, subiri nusu dakika, washa." Akafanya. Akapiga tena, akapokewa na kijana mwingine mwenye maneno yaleyale. Mara ya nne akaambiwa atafute sindano, abonyeze kile kitundu cha nyuma kwa sekunde kumi. Kitundu kile hufuta mipangilio yote, pamoja na jina na nywila ambazo ruta yake ilitumia kujitambulisha kwa kampuni. Jioni faiba iliyokatika barabarani ikaungwa, mtaa mzima ukarudi hewani, isipokuwa nyumba ya mwalimu. Ndipo nikaitwa.

Asubuhi ile alikuwa ameipiga picha ruta. Taa ya LOS ilikuwa nyekundu. Taa hiyo ikiwa nyekundu, mwanga wa faiba haufiki kwenye ruta, basi. Mteja anaweza kutazama kama ule waya mwembamba umechomoka au umekunjwa (faiba haipendi kona kali), na akishatazama kazi yake imekwisha. Hata azime na kuwasha mara mia.

Lipo jambo ambalo wateja wengi hawalijui, Mheshimiwa. Mtambo wa kampuni ulio upande wa pili wa faiba unaiona kila ruta. Na ruta nyingi za faiba, umeme ukikatika, hutuma ujumbe mfupi kabla ya kuzimika, mithili ya pumzi ya mwisho. Kwa hiyo mtambo unaweza kutofautisha nyumba iliyokosa umeme na nyumba iliyokatikiwa waya. Ruta thelathini zikipotea dakika moja bila kuaga, hakuna haja ya kumuuliza mtu yeyote kama amezima na kuwasha.

Kwenye simu hali ni ngumu zaidi, kwa sababu vijiti vya mtandao vinadanganya. Vijiti hupima mawasiliano kati ya simu na mnara tu. Waya unaouunganisha mnara na mitambo iliyo nyuma yake ukikatika, vijiti vinaweza kubaki vimejaa huku hakuna ukurasa unaofunguka. Mtu anadhani bando limeisha, ananunua jingine. Anaweka simu kwenye hali ya ndege, anaitoa. Hiyo husaidia simu ikiwa imeng'ang'ania mnara dhaifu, kwa kuwa inajisajili upya, lakini haiungi waya uliokatika kilomita arobaini kutoka hapo.

Sizionei kampuni. Siku nyingine kosa ni letu: ruta imefichwa nyuma ya kabati, bando limekwisha kweli, au kifaa kimoja tu ndicho kinachosumbua na vingine vinapeta. Wakati mwingine taa zote ni za kijani lakini tovuti hazifunguki. Hapo huwa natuma ping, yaani ujumbe mdogo wa kuuliza kama njia ipo, kwa namba 1.1.1.1. Jibu likija, njia ipo, kilichokwama mara nyingi ni DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, na huenda kubadili mpangilio mmoja kukatosha. Lakini mteja atajuaje aanze kupekua kwake kama hajaambiwa kwamba upande wa kampuni hakuna hitilafu?

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka duniani kote kwa saa kama sita, kwa sababu ya amri iliyokosewa wakati wa matengenezo ya kampuni yenyewe. Ni watu wangapi walizima simu zao siku ile bure! Tarehe 8 Julai 2022 mtandao wa kampuni ya simu ya Rogers ulianguka Kanada, na kwa wengi hata namba ya dharura, 911, haikupatikana. Tarehe 8 Novemba 2023 ikawa zamu ya kampuni ya simu ya Optus, Australia. Baada ya hapo mamlaka ya huko, wenzako, iliweka kanuni inayozilazimu kampuni kuwataarifu wateja huduma kubwa zinapokatika. Kwa hiyo siombi kitu kisichowezekana.

Ninaomba ujumbe mfupi wa simu ndani ya saa moja tangu mtambo uone hitilafu. Useme ni eneo gani, ni waya, umeme au mtambo, na saa ngapi tutapewa habari nyingine. Sihitaji ahadi ya saa ya kupona. Mkongo wa baharini husubiri meli, nalielewa hilo. Mhudumu wa simu asimwambie mteja aguse ruta kabla hajatazama kwenye skrini yake kama mwanga unafika, na kile kitundu cha nyuma asimwagize kabisa kukibonyeza mtu asiye na fundi karibu. Bando lililokwisha muda wakati huduma imekatika lirudishwe bila mteja kuomba. Hili la mwisho najua watalipinga kwa nguvu kuliko yote, na sababu unaijua.

Ruta ya mwalimu niliipangilia upya kwa dakika kumi na tano, baada ya saa mbili za kutafuta nywila ambayo kampuni ilisema haiwezi kuitoa kwa simu. Malalamiko yake bado yako kwenye mfumo wao. Nimeangalia leo asubuhi: "Tatizo lako linashughulikiwa. Tafadhali zima na uwashe ruta yako."

Nasubiri jibu lako.

Fundi wa mitandao