Kabla hujapanda ndege, mwanangu

Masasi, Jumapili

Mwanangu Hamisi,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, ila mama yako anatwanga huku analia tangu useme tiketi ya Maskati imetoka.

Kwenye simu umesema vipimo vya safari ni safi. Nilipouliza presha ukacheka. Usicheke. Ya kumbini, kidonda chako cha jando kilivyotunga usaha hadi ukaugua figo, unayajua, siyarudii. Lakini kuna maneno daktari alinieleza mimi peke yangu, wewe umelala, macho yamevimba hayafunguki, na mkojo kwenye chupa mfano wa chai ya rangi. Alisema wadudu wenyewe hawakufika kwenye figo. Mwili ulipigana nao pale kidondani penye usaha, na masalia ya vita hivyo ndiyo yaliyokwenda kuharibu machujio ya figo. Ndiyo maana maradhi yalikuja wiki ya tatu, kidonda kinakauka, ngariba keshapewa jogoo wake. Watoto wengi hupona kabisa, alisema, ila wachache hubaki na kovu lisilouma, likaja kujitokeza ukubwani kwa presha au protini kwenye mkojo. Apimwe kila mwaka. Nikaitikia. Ulipimwa mara mbili, kisha korosho zikashuka bei, na nauli nayo... basi.

Pima tena kabla hujaondoka: presha, mkojo, na kile cha damu, kreatinini, kinachoonyesha figo zinachuja vipi. Karatasi ipige picha unitumie.

Jua la huko si hili letu. Serikali yao yenyewe inakataza kazi za nje saa za mchana, Juni mpaka Agosti, basi usijifanye shujaa. Maji kunywa kabla kiu haijakushika. Mwili ukiuma usimeze diklofenaki kama ulivyozoea ukitoka mpirani, figo yenye kovu haiitaki dawa hiyo. Panadoli inatosha. Na chumvi punguza, wewe unayeichovya hata kwa embe bivu!

Hapa mtaani wameshaanza kuniita Baba Maskati, na mimi naitika. Pesa ya kwanza usilete kwa ajili ya bati, nenda kapime. Bati litangoja, ingawa jikoni panavuja.

Mkeo ameuliza jando la Yusufu mwezi wa sita. Nimesema atatahiriwa hospitali, kwa ganzi, kumbini aende kwa mafunzo na nyimbo tu. Baba yako mkubwa amenuna, anauliza tangu lini mimi nimekuwa mzungu. Mama yako hakusema kitu. Aliniangalia tu, kama alivyoniangalia siku ile aliposema mtoto apelekwe hospitali leo, mimi nikasema kesho.

Salfa ya mikorosho nimepata mifuko miwili, haitoshi shamba la bondeni. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha. Ufunguo wa pikipiki umeuweka wapi? Nimepekua kabati lote.

Na presha, Hamisi. Zahanati ya hapo unapokaa, dakika tano tu. Nangoja picha ya karatasi.

Baba yako