Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tusiwaambie Mabinti Wasubiri

Ndugu wanachama,

Jambo lililotuumiza zaidi mwaka huu ni wazazi wa mabinti wenye sindromu ya Turner kuendelea kuambiwa wasubiri. Mama mmoja alituonyesha sketi ya shule aliyomshonea bintiye akiwa darasa la tano, ambayo binti aliivaa hadi kidato cha kwanza bila kushushwa pindo, na kila alipouliza alijibiwa kwamba mtoto atavunja ungo wakati wake ukifika.

Sindromu ya Turner humpata takriban mtoto mmoja kati ya wasichana 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa hai, na chanzo chake ni kukosekana kwa kromosomu X moja (kromosomu ni nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli), yote au sehemu yake. Hakuna alichokosea mama wala baba. Kwa hiyo msichana aliyetimiza miaka 13 bila kuota matiti, hasa akiwa mfupi kuliko kimo cha wazazi wake kinavyoashiria, apimwe homoni na kromosomu mara moja, kwa kuwa mifupa ikishafunga, homoni ya ukuaji haiwezi tena kumrefusha.

Baadhi yenu mmeogopa estrojeni, yaani homoni ya kike, mkidhani ni dawa ya uzazi wa mpango. Hofu hiyo naielewa, lakini binti mwenye Turner anapewa kile ambacho ovari zake hazitoi: huanza kwa dozi ndogo, kwa kawaida akiwa na miaka 11 au 12, ikapandishwa taratibu kwa miaka miwili au mitatu kabla ya kuongezewa projesteroni, homoni nyingine ya kike, na pamoja na kumpa umbo la utu uzima humlinda mifupa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni moyo. Wapo wanaoacha kliniki binti akishapata hedhi, ilhali vali ya aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni) yenye vipande viwili badala ya vitatu, au aota iliyobana, huenda isionyeshe dalili yoyote hadi mshipa huo utanuke na hata kuchanika ukubwani. Presha, picha ya moyo, usikivu na tezi ya shingo vifuatiliwe maisha yote.

Kamati inapendekeza kila binti awe na daftari lake la kimo, presha na majibu ya vipimo, aelezwe mwenyewe yaliyomo kadiri anavyokua, na alichukue anapohamia kliniki ya watu wazima. Naomba mlijadili pendekezo hili na kulipigia kura leo.

Mwenyekiti