Shoga angu, vidonge usiviache

Zuhura mpenzi,

Natumai umeamka salama na wanao hawajambo. Voisi noti yako nimeisikiliza, kwamba viungo vinakuuma mpaka unataka kuacha kidonge cha saratani ya matiti unywe unga aliokuletea wifi yako, nikairudia tena usiku watu walipolala, nikaona hii siwezi kukujibu kwa simu maana mimi na wewe tukianza kuongea tutaingia kwenye ya harusi ya Mombasa na hili litapotea. Bora nikuandikie ukae nalo, usome taratibu, na wifi yako akitaka msomee.

Kwanza hilo la kuacha anastrozoli, hicho kidonge chako cha kuzuia saratani isirudi. Nakuomba sana usiache mpaka umekaa na daktari wako uso kwa uso. Mengine yote tunazungumza, sindano, mafuta, mitishamba, yoga, yote mimi niko tayari kukusikiliza na mengine nitakuunga mkono kabisa, ila hilo la kukiweka kidonge pembeni na kuanza unga wa wifi, hapana shoga angu.

Najua unaumwa kweli. Hapa kwenye dirisha la dawa ninapofanya kazi wanawake wanaokuja kuchukua dawa hii wananiambia kilekile ulichosema wewe, vidole asubuhi havikunjiki, magoti kwenye ngazi ndo usiseme, na tafiti zenyewe zinasema karibu nusu ya wanaotumia dawa za aina hii wanaumwa viungo. We hedhi ilishakoma, lakini mwili bado unatengeneza estrojeni kidogokidogo kwenye mafuta ya mwili na sehemu nyingine kupitia enzaimu inaitwa aromatase, na saratani yako ni ile inayokua kwa hiyo estrojeni. Kidonge kinaiziba hiyo enzaimu, estrojeni inashuka mpaka chini kabisa, saratani inakosa chakula, na viungo navyo vinaumia kwa sababu hiyohiyo. Kwahiyo usikae ukilia usiku ukidhani kila kinachouma ni ugonjwa umerudi. Ila kama ni mfupa mmoja tu unauma sehemu ileile, unazidi kila siku na usiku haukupi usingizi, hapo usisubiri tarehe ya kliniki, nenda.

Sasa nikueleze kuhusu sindano za Kichina, hiyo akupancha uliyoniuliza kama ni uongo. Sio uongo, na imepimwa kwa watu kama wewe hasa. Kuna utafiti mkubwa Marekani uliongozwa na daktari anaitwa Dawn Hershman wa Chuo Kikuu cha Columbia, ulitoka 2018, wanawake 226 wenye saratani ya matiti hatua za mwanzo, wote hedhi imekoma, wote wako kwenye dawa za familia ya hii yako na wote viungo vinauma, wakawagawa kwa bahati nasibu kwenye vituo 11. Kundi moja likachomwa sindano za kweli, jingine likachomwa sindano za kuzuga, yani zinaingia juujuu tu tena sehemu ambazo sio zenyewe, la tatu likaambiwa lisubiri. Mara mbili kwa wiki kwa wiki 6, kisha mara moja kwa wiki kwa wiki 6 nyingine. Maumivu wanayapima kwa kujipa namba kuanzia 0 mpaka 10, na baada ya wiki 6 waliochomwa kweli walishuka pointi 2.05, waliozugwa 1.07, waliosubiri 0.99.

Nimekuandikia na namba zenyewe kwa sababu nataka uone mambo mawili. La kwanza nafuu ipo, tena walipowafuatilia mpaka mwaka mzima bado waliochomwa walikuwa na unafuu zaidi ya wenzao. La pili nafuu yenyewe ni ya kiasi, ukilinganisha na sindano za kuzuga ni kama pointi moja, kwahiyo mtu akikwambia njoo nikuchome mara tatu utakimbia, huyo anataka hela yako. Na karibu nusu yao walivilia damu kidogo pale wanapochomwa, hiyo ijue kabisa usije ukashtuka.

Mwaka 2022 madaktari wa saratani wa Marekani kupitia jumuiya yao ya ASCO, pamoja na jumuiya ya tiba jumuishi ya saratani, yani inayounganisha ya hospitali na nyingine, inaitwa SIO, wakatoa mwongozo wa pamoja kwamba mgonjwa mwenye maumivu haya ya viungo yanayotokana na dawa hizi apewe nafasi ya akupancha. Fikiria, madaktari haohao wa kemo na mionzi ndo wanasema hivo! Mimi hili lilinifurahisha sana kwasababu miaka yote tumekaa tunagombana, huku hospitali hawataki kusikia cha tiba nyingine, kule kwa waganga hawataki kusikia cha hospitali, na mgonjwa yuko katikati anaficha. Sasa angalau mtu amekaa akapima.

Na kwenu Unguja huna haja ya kuvuka bahari. Madaktari wa Kichina wanakuja huko tangu 1964, timu kwa timu kutoka jimbo la Jiangsu, kaulize hospitali ya Mnazi Mmoja kama waliopo sasaivi wana mtu wa sindano. Ukimpata mwambie mapema kwamba upande wa kushoto walikutoa tezi za kwapani, huo mkono asiuguse. Na hapohapo niseme la hijama maana najua shangazi atakuja nayo, kwenye huo mkono kusiwe na chuku wala wembe, mkono uliotolewa tezi ukipata jeraha unavimba na kuingia maambukizi kirahisi na ukishavimba kuurudisha ni kazi.

Ila kitu ambacho kama ni mimi ningeanza nacho kesho asubuhi ni mazoezi, na najua utakunja uso. Chuo cha Yale walichukua wanawake 121 wanaoumwa kama wewe, nusu wakaendelea na maisha yao ya kawaida, nusu wakafanya mazoezi mwaka mzima, dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka au mfano wake na mara mbili kwa wiki za kunyanyua vitu vizito wakisimamiwa. Ikatoka 2015, maumivu makali kwa waliofanya mazoezi yalipungua asilimia 29, kwa wengine yakaongezeka asilimia 3. Dakika 150 ni nusu saa siku tano, we ukitoka Forodhani ukazunguka ufukweni mpaka ukarudi unazipata, na vizito anza hata na chupa za maji, mwambie yule wa fiziotherapi akuonyeshe usije ukaumiza bega. Siku za mwanzo utaumwa zaidi, usikate tamaa.

Mafuta ya samaki uliyonunua hayo, tumia kama unayapenda ila usiweke tegemeo. Waliyapima vizuri tu, omega-3, yani hayo ya samaki, dhidi ya mafuta ya kawaida yaliyofichwa kwenye kapsuli zinazofanana, na makundi yote mawili yakapata nafuu, yote, bila tofauti ya maana kati yao. Ndo maana jirani akikwambia mimi nilikunywa hiki nikapona simkatalii kwamba amepata nafuu, nauliza tu mwenzake ambaye hakukinywa ilikuwaje.

Haya, unga wa wifi. Najua amekuletea kwa mapenzi, na mimi sina neno na tiba asili, dawa ngapi tunazogawa hapa asili yake ni majani na magome. Ila unga huu hujui ndani kuna nini. Umeniambia umeuonja na magoti yakaachia siku hiyohiyo, sasa hicho ndo kinachonitia hofu, maana unga wa maumivu unaofanya kazi haraka hivo wakati mwingine huwa umechanganywa na dawa za hospitali kama diklofenaki au steroidi bila kusema, na hizo ukizinywa miezi zinakula tumbo, zinapandisha sukari, zinadhoofisha mifupa ambayo tayari anastrozoli inaipunguza. Manjano iliyomo humo kama ni ya kwenye mchuzi haina shida, weka. Ila kwa dozi kubwa za vidonge na unga, vingine vimetiwa pilipili manga, Marekani waliripoti 2022 watu 10 walioharibika ini na mmoja akafa. Pilipili manga inafanya ile manjano ifyonzwe mwilini kwa wingi mno, kwahiyo mtu anasema ni kiungo tu kumbe dozi iliyoingia mwilini sio ya kiungo tena.

Na kuna utafiti mmoja wa Yale wa 2018 ambao kila nikiukumbuka nafikiria watu ninaowahudumia. Waliangalia wagonjwa 258 waliotumia tiba nyingine pamoja na ya hospitali, wakawalinganisha na 1,032 waliotumia ya hospitali peke yake, na hao wa mwanzo hatari yao ya kufa ilikuwa kama mara mbili. Ukisoma juujuu utasema basi mitishamba inaua. Lakini walipochimba wakakuta wengi wa hao walikuwa wamekataa sehemu ya matibabu, kwa mfano vidonge vya homoni kama hivi vyako walivikataa 34 katika kila 100, kwa wenzao hawakufika hata 3, na walipokiondoa hicho kwenye hesabu ile tofauti ikapungua mpaka haikuwa na uhakika tena. Yani kilichowaponza zaidi ni kile walichokiacha. Hapo ndipo nilipo mimi na wewe leo, Zuhura, ndo maana nimeandika marefu hivi.

Kwahiyo naomba hivi. Huo unga usinywe tena kwa sasa, nipigie picha karatasi yake kama ina jina, kisha uchukue na wenyewe uende nao kwa daktari, umwekee mezani, usimfiche. Mwambie maumivu kwa namba, asubuhi ngapi, jioni ngapi. Muulize kama anaweza kukubadilishia kwenda letrozoli au eksemestani, ndugu za hii yako, maana wengine wakibadilishiwa wanapata unafuu, muulize na duloxetini, dawa ya sonona inayotumika pia kwa maumivu, hiyo nayo imepimwa kwa maumivu hayahaya ikasaidia, na muombe vipimo vya ini na vitamini D. Akikufokea kwa ajili ya unga nipigie mimi palepale.

Na usingizi, hilo la kuamka saa nane na moyo unakwenda mbio, usilichukulie dogo. Wale wa ASCO na SIO walitoa mwongozo mwingine 2023 wa wasiwasi kwa wagonjwa wa saratani, wakayataja mazoezi ya kutuliza akili na mwili, yoga, hata muziki. Nitakutumia mazoezi ya pumzi kwa Kiswahili nimeyarekodi mwenyewe, fanya ukiwa kitandani.

Wifi msalimie sana, asihisi namkataa, mwambie kazi yake ninayo, akuamshe alfajiri mkatembee wote. Nijibu leo kidonge umekunywa au hujanywa, na kliniki ni lini, nikiweza kupata ruhusa nitapanda boti nije tuingie wote kwa daktari.

Wako,
Mwanaidi