Kwa nini nanunua bati la kutu

London, 12 Februari

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Barua yako niliipata wiki iliyopita, na lile swali lako la kejeli, kwamba inakuwaje mtu mzima atoe fedha zake kununua bati la kutu la vita vya Wazungu, nimeona nilijibu kwa kirefu.

Ninachokusanya ni vibao vya bati vya Vita vya Pili vya Dunia, vilivyotumiwa hapa Uingereza na idara ya tahadhari za mashambulizi ya anga, iliyojulikana kwa herufi ARP hadi 1941, ilipoanza kuitwa ulinzi wa raia. Kimoja kilionyesha nyumba ya mlinzi wa mtaa, kingine njia ya kwenda handakini, kingine mahali ilipowekwa pampu ya mkono ya kuzimia mabomu ya moto. Nivipendavyo zaidi ni vya herufi EWS, yaani maji ya dharura. Usiku wa 29 Desemba 1940, ndege za Wajerumani zililimwagia eneo la City, kitovu cha kale cha London, mabomu ya moto, mabomba makuu ya maji yakapasuka, na mto Thames nao ulikuwa umekupwa vibaya, hata zimamoto wakashindwa kuyafikia maji. Wewe uliyekulia Tanga huhitaji kuelezwa jinsi maji ya bamvua yanavyotoka yakaacha mashua zimelala matopeni. Baada ya hapo matangi yaliongezwa mijini, mengine yakajengwa ndani ya vyumba vya chini vya nyumba zilizobomolewa, na herufi hizo za njano zikawa zinawaelekeza zimamoto yalipo maji.

Sasa nikuungamie: mwaka jana nilitapeliwa. Nililipa pauni 90 kwa kibao cha mlinzi kilichopendeza kupita kiasi, na nilipokifikisha nyumbani ndipo nikakitazama kwa utulivu. Unakumbuka sahani za enameli za bibi, zilivyokuwa zikianguka sakafuni zinabanduka kipande na kuacha kidonda cheusi? Kibao cha kweli ndivyo kilivyo, na aghalabu kidonda huwa pembeni mwa matundu ya skrubu, kwa kuwa fundi alipokaza sana enameli ilipasuka na kutu ikaingilia hapo. Ukipitisha ukucha juu ya herufi, unahisi zimeinuka kidogo, maana kila rangi ilichomwa tanuruni juu ya nyingine. Changu kilikuwa laini kama karatasi ya kalenda, matundu yake manne safi kabisa, na kutu imetapakaa sawasawa kila mahali, kama iliyopakwa kwa brashi. Tangu siku hiyo, kibao nakigeuza kwanza mgongo, uso baadaye.

Vilivyo bora, hata hivyo, havinunuliki. Katika mtaa wa Lord North, karibu na Bunge, yapo maandishi yaliyofifia kwenye kuta za matofali, yenye herufi S kubwa, yaani "shelter", mahali pa kujikinga, yaliyokuwa yakielekeza watu kwenye vyumba vilivyo chini ya njia ya waenda kwa miguu. Mimi hupita huko mara kwa mara nikasimama kwenye manyunyu, na wapita njia bila shaka wananiona mwehu. Ukija tutakwenda pamoja, ila njoo na koti zito.

Kile kibao cha bandia sikukitupa. Kiko jikoni, naepulia sufuria juu yake.

Wako akupendaye,
Hamisi